Tamko la wasimamizi wa vituo na makarani wa uchaguzi kuhusu masoko ya ubashiri

1. Chama hiki ni cha raia wa Kenya waliowahi kula kiapo cha kusimamia vituo vya kupigia kura, kuhesabu kura na kujumlisha matokeo. Wanachama wake ni walimu, wauguzi, wahasibu na wastaafu wa utumishi wa umma, ambao kila unapofika uchaguzi mkuu huacha shughuli zao na kukesha na masanduku hadi alfajiri. Tamko hili linatolewa kwa umma, kwa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, kwa Bunge, na kwa mamlaka zinazosimamia michezo ya kubahatisha, huduma za fedha na vyombo vya habari. Linahusu uchaguzi mkuu wa tarehe 10 Agosti 2027 na chaguzi zote zitakazoufuata.

2. Masoko ya ubashiri ni majukwaa ya mtandaoni ambako watu hununua na kuuziana hati zinazofungamana na tukio ambalo bado halijatokea: nani atashinda urais, chama gani kitapata wingi wa viti bungeni, kiongozi fulani ataondoka madarakani kabla ya tarehe fulani. Tukio likitokea, hati hulipa dola 1. Lisipotokea, hailipi kitu. Kwa hiyo hati inayouzwa senti 62 husomwa kuwa mgombea ana uwezekano wa asilimia 62 wa kushinda, na bei hiyo hupanda na kushuka usiku na mchana. Televisheni kubwa za Marekani sasa huinukuu hewani sambamba na kura za maoni.

3. Chama hakidai kwamba masoko haya hayana elimu ndani yake. Tangu mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Iowa kimeendesha soko dogo la namna hii kwa ajili ya utafiti, na mshiriki haruhusiwi kuweka zaidi ya dola 500. Watafiti wake walilinganisha bei za soko hilo na kura za maoni 964 zilizofanywa katika chaguzi tano za urais wa Marekani, wakakuta kwamba soko lilikuwa karibu zaidi na matokeo katika asilimia 74 ya ulinganisho huo. Hiyo ni kazi ya wasomi na inastahili heshima. Hapa kwetu, kura za maoni za mwisho za mwaka 2022 zilimweka Raila Odinga mbele, kisha Tume ikamtangaza William Ruto kuwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85. Mtu anayetafuta njia bora ya kubashiri hatafuti jambo la aibu.

4. Kilichobadilika ni ukubwa wa fedha na kuondolewa kwa mipaka. Mwaka 2022 mamlaka ya Marekani inayosimamia masoko ya bidhaa za baadaye ililitoza jukwaa la Polymarket faini ya dola milioni 1.4 kwa kuendesha soko bila usajili. Miaka miwili baadaye, zaidi ya dola bilioni 3 zilipita katika jukwaa hilo hilo kwa swali moja tu la nani atakuwa rais wa Marekani. Kampuni ya Kalshi ilinyimwa idhini ya kuuza hati za uchaguzi mnamo Septemba 2023, ikaenda mahakamani jijini Washington, ikashinda Septemba 2024, na Mei 2025 mamlaka ikaiondoa rufaa yake. Mbele ya mahakama, mamlaka hiyo ilieleza hofu kwamba hati hizi zingeigeuza kuwa polisi wa uchaguzi, kazi ambayo haikuundwa kuifanya. Ilishindwa kesi, lakini kwa maoni ya Chama hofu yake ilikuwa ya haki, na inaihusu Kenya kuliko inavyoihusu Marekani.

5. Ili sababu ya hofu hiyo ieleweke, Chama kinaomba umma utazame kwa karibu usiku wa kuhesabu kura. Mwaka 2022 vituo vilikuwa 46,229, na hakuna kilichopangiwa zaidi ya wapiga kura 700. Upigaji kura unapokwisha, msimamizi hufungua sanduku mbele ya mawakala wa vyama. Hukunjua karatasi moja moja, hutaja kwa sauti jina la mgombea aliyepigiwa, huiinua karatasi ili kila wakala aione alama, kisha huiweka kwenye fungu lake. Karatasi yenye alama isiyoeleweka husimamisha kazi nzima mpaka iamuliwe. Usiku unapokuwa mwingi na macho yamechoka, Fomu 34A, yaani fomu ya matokeo ya urais ya kituo, hujazwa, mawakala hutia sahihi, nakala hubandikwa mlangoni mwa kituo, na picha yake hutumwa kwa KIEMS, kifaa cha kielektroniki cha Tume, hadi kituo cha kitaifa cha kujumlisha. Kati ya karatasi ya mwisho na kutumwa kwa picha hiyo, watu waliomo chumbani ndio pekee wanaojua wananchi wa eneo lile wamesema nini.

6. Kwa miaka mingi ujuzi huo wa saa moja au mbili haukuwa na thamani ya fedha. Karani aliyejua kwamba mgombea ameanguka katika ngome yake hakuwa na pa kuuza habari hiyo, isipokuwa kwa mwanasiasa, na sheria ilikuwa inamjua mwanasiasa. Soko la ubashiri linafungua dirisha la pili: mnunuzi asiyejulikana, anayelipa papo hapo kwa sarafu ya kidijitali, tena asiyehitaji hata kukutana na muuzaji. Karani mwenyewe anaweza kuwa ndiye mnunuzi, kwa simu iliyo mfukoni mwake. Mwaka 2022 taifa lilisubiri tangu tarehe 9 hadi 15 Agosti kabla ya matokeo ya urais kutangazwa katika ukumbi wa Bomas. Soko lingekuwa wazi siku zote hizo, na kila fomu iliyokuwa njiani ingekuwa na bei.

7. Baadhi ya wanauchumi hujibu kwamba kushiriki kwa wenye habari za ndani si kasoro, kwani ndiko kunakoifanya bei ikaribie ukweli. Chama kimeitafakari hoja hii kwa makini kwa sababu inatuhusu moja kwa moja, na kinaikataa. Mei 2025, makadinali walipojifungia kumchagua Papa bila simu wala mawasiliano na nje, masoko yalimweka mbele Kadinali Pietro Parolin, na Kadinali Robert Prevost akapewa takriban asilimia 1. Aliyetokea kwenye roshani alikuwa Prevost, sasa Papa Leo XIV. Pasipo kuvuja habari, soko halikuwa na lolote la ziada la kusema. (Kanisa lenyewe liliiona hatari hii zamani: mwaka 1591 Papa Gregory XIV alipiga marufuku kuweka dau juu ya uchaguzi wa Papa, na adhabu ikawa kutengwa na Kanisa.) Basi anayelisifu soko kwa kukaribia ukweli usiku wa kuhesabu kura, anasifu kuvuja kwa siri ambayo sisi tumeapa kuitunza. Siri hiyo ni mali ya mpiga kura. Karani hana mamlaka ya kuiuza, wala mwanauchumi kuihalalisha.

8. Kuvuja si hatari kubwa kuliko zote. Kubwa zaidi ni kwamba mwenye dau huweza kulisukuma tukio lenyewe. Mwamba ngoma huvutia kwake. Nchini Uingereza, msaidizi wa bunge wa Waziri Mkuu, mtu wa karibu na mwenye kuamua tarehe, aliweka dau la pauni 100 kwamba uchaguzi ungefanyika Julai 2024, siku tatu kabla ya tarehe hiyo kutangazwa. Mwaka uliofuata watu 15 walifunguliwa mashtaka kuhusu madau ya uchaguzi huo, na mahakama ndiyo itakayoamua. Oktoba 2025 mkuu wa Coinbase, kampuni ya sarafu za kidijitali, akifunga kikao cha wazi na wawekezaji, alitaja mfululizo wa maneno ambayo watu walikuwa wameweka fedha kwamba yatatajwa au hayatatajwa. Aliyafahamu madau hayo, akasema hivyo hadharani. Mwezi uliofuata, taasisi moja ya Marekani inayochora ramani za vita vya Ukraine ilikiri kwamba ramani yake ilibadilishwa bila idhini. Mabadiliko hayo yaliugusa mji ambao watu walikuwa wameweka madau iwapo utatekwa.

9. Chama kinaomba mifano hiyo iwekwe mbele ya Fomu 34A. Ikiwa mtu mwenye kalamu ya ramani anaweza kuvutwa na dau, mtu mwenye kalamu ya fomu hana kinga ya maumbile. Hahitaji kuiba uchaguzi. Soko linaweza kuuliza iwapo matokeo yatatangazwa kabla ya siku fulani, iwapo kiwango cha waliojitokeza kitavuka asilimia fulani, iwapo mgombea atapata robo ya kura katika kaunti fulani. Kuchelewesha gari la kubebea fomu kwa usiku mmoja, au kukosea kwa makusudi tarakimu moja ambayo itasahihishwa kesho yake, kunatosha kumlipa mtu. Mshindi atabaki yule yule, lakini wananchi watakuwa wameona fomu iliyokosewa, na hawataisahau.

10. Iko pia hatari inayomgusa mpiga kura. Siri ya kura imekuwa ngao dhidi ya rushwa kwa sababu mnunuzi wa kura hawezi kuthibitisha kwamba aliyelipwa amempigia. Hati ya soko inaitoboa ngao hiyo. Mgombea anaweza kununua hati zinazolipa endapo atashinda, akazigawa kijijini, wala asihitaji kumfuatilia mtu yeyote hadi kwenye kibanda cha kupigia kura: kila aliyepokea ana sababu ya kumpigia, na malipo yatakuja yenyewe. Mwaka 1785, katika kesi ya Allen dhidi ya Hearn, mahakama ya Uingereza ilibatilisha dau lililowekwa na wapiga kura wawili juu ya uchaguzi waliokuwa wakishiriki, kwa msingi kwamba mpiga kura hapaswi kuwa na fedha ndani ya kura yake. Uingereza imelegeza sheria zake tangu wakati huo. Msingi ule haujapoteza nguvu.

11. Suala la nani anaamua mshindi limeshajitokeza, na Chama kinalitaja kwa uangalifu. Baada ya uchaguzi wa Venezuela wa Julai 2024, baraza la uchaguzi la nchi hiyo lilimtangaza Nicolás Maduro bila kuchapisha matokeo ya kituo kwa kituo, huku upinzani ukichapisha nakala za fomu za vituo zilizoonyesha ushindi wa Edmundo González. Katika Polymarket, mabishano ya namna hii huamuliwa kwa kura za wenye sarafu maalumu ya kidijitali, na mwenye sarafu nyingi ana kura nyingi. Hao walimpa ushindi González. Chama hakitoi hukumu juu ya uchaguzi wa Venezuela, ingawa wanachama wake, kwa kazi yao, wanajua uzito wa fomu ya kituo iliyotiwa sahihi na mawakala. Wasichoweza kukikubali ni kwamba swali la nani amechaguliwa na taifa lijibiwe na watu wasiojulikana, wenye fedha ndani ya jibu, wanaopiga kura kwa wingi wa mali.

12. Nchini Kenya jibu hilo lina mahali pake. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba matokeo yaliyotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho na hayabadilishwi Nairobi. Mwaka huo huo, tarehe 1 Septemba, Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa urais. Katiba inatoa siku saba za kuwasilisha pingamizi na siku kumi na nne za kuamua. Katika siku hizo majaji, mawakili, mashahidi na wataalamu wa mitambo wote wangekuwa wakifanya kazi huku soko likiuza hati juu ya hukumu yao.

13. Chama kinalazimika kusema jambo jingine, ambalo wanachama wake hawalisemi kwa wepesi. Mwishoni mwa Julai 2017, siku chache kabla ya uchaguzi, Chris Msando, meneja wa teknolojia wa Tume, aliuawa. Agosti 2022 msimamizi wa uchaguzi wa Embakasi Mashariki alitoweka akiwa kazini, na mwili wake ukapatikana siku chache baadaye. Chama hakisemi kwamba vifo hivyo vilihusiana na madau, na hakitaki mtu ayanukuu maneno haya kwa maana hiyo. Kinasema kwamba kazi hii tayari ni ya hatari kwa sababu ya wanaotaka madaraka. Kuongeza juu yake kundi la watu walio popote duniani wanaotaka fedha ni kumwongezea karani wa kituo maadui asiowajua na ambao hakuna jeshi la polisi la nchi hii linaloweza kuwafikia.

14. Tena bei yenyewe, ikishatangazwa, hugeuka kuwa madai. Wachunguzi wa soko la Intrade walikuta kwamba mwaka 2012 mtu mmoja alipoteza karibu dola milioni 4 akinunua hati za Mitt Romney, mgombea urais wa Marekani, kwa namna iliyozua swali kama alikusudia faida au alikusudia bei tu ionekane juu. Mwaka 2024 mfanyabiashara mmoja raia wa Ufaransa aliweka zaidi ya dola milioni 30 kwa Donald Trump kupitia akaunti kadhaa. Alikuwa na utafiti wake na alipata faida kubwa. Hata hivyo, kwa wiki kadhaa dunia ilisoma fedha za mtu mmoja kama maoni ya wengi. Katika nchi iliyopoteza zaidi ya watu 1,100 baada ya uchaguzi wa 2007 kwa sababu wananchi hawakuamini hesabu, Chama hakiwezi kutazama kwa utulivu siku ambayo mgombea atasimama jukwaani na kusema kwamba soko lilimpa asilimia 80, hivyo Tume imemwibia.

15. Sheria za Kenya zimeshaweka kipimo. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu uchapishaji wa kura za maoni inamtaka mchapishaji aeleze nani amegharimia utafiti, nani ameufanya, lini, na watu wangapi walihojiwa, na inazuia kuchapisha kura za maoni katika siku tano kabla ya uchaguzi. Soko la ubashiri halielezi lolote kati ya hayo na halifungi mlango siku ya tano wala siku ya kupiga kura. Haiwezekani mtafiti anayejitambulisha na kufungua daftari lake afungwe na sheria, na soko lisilojitambulisha liachwe huru. Kifungu cha 86 cha Katiba kinataka upigaji kura uwe rahisi, sahihi, unaothibitishika, salama, wenye uwajibikaji na uwazi. Hakuna tafsiri ya maneno hayo inayoruhusu wanaohesabu kuwa na maslahi ya fedha katika hesabu.

16. Kwa hiyo msimamo wa Chama ni kwamba uuzaji na ununuzi wa hati za fedha halisi juu ya chaguzi za Kenya haupaswi kuruhusiwa, iwe kwa leseni ya ndani au kwa kupuuzwa. Utafiti wa vyuo vikuu unaotumia viwango vidogo, washiriki wanaojulikana na masharti ya wazi unaweza kuruhusiwa kwa idhini maalumu, mradi ufungwe kabla ya siku ya kupiga kura. Hati zinazotegemea tendo lililo mikononi mwa ofisa mmoja, kama saa ya kutangaza matokeo, maneno ya tangazo, au kufunguliwa na kuamuliwa kwa pingamizi, zisiruhusiwe kwa sababu yoyote, hata ya utafiti.

17. Chama kinaliomba Bunge liyaweke makatazo hayo katika sheria za makosa ya uchaguzi kabla ya uteuzi wa wagombea wa mwaka 2027, na liamue kwamba kushiriki kwa ofisa wa uchaguzi, ofisa wa mahakama au mgombea kuwe kosa kubwa kuliko kushiriki kwa raia wa kawaida. Chama kinaiomba mamlaka inayosimamia michezo ya kubahatisha chini ya sheria mpya ya mwaka 2025, pamoja na Benki Kuu, zizuie njia za malipo zinazoelekea kwenye hati hizo. Wanaosema haiwezekani watazame Singapore, iliyoifungia Polymarket Januari 2025, na Ufaransa, ambako jukwaa hilo lilizuia watumiaji wa nchi hiyo baada ya mamlaka ya michezo ya kubahatisha kulichunguza. Vyombo vya habari vinaombwa visitangaze bei za masoko haya kama kipimo cha maoni ya Wakenya.

18. Chama kinaiomba Tume iongeze katika kiapo cha kila ofisa, wa kudumu na wa muda, tamko kwamba hana na hatakuwa na dau lolote, yeye mwenyewe au kupitia mtu mwingine, juu ya uchaguzi anaousimamia. Kinaiomba pia iendelee kuweka picha za Fomu 34A hadharani mara zinapopokelewa, kama ilivyofanya mwaka 2022, kwa sababu habari iliyo wazi kwa wote haina wa kuinunua.

19. Chama hakitasubiri sheria ili kiwafunge wanachama wake. Kuanzia kutolewa kwa tamko hili, mwanachama yeyote atakayeshiriki katika soko la ubashiri juu ya uchaguzi wowote wa Kenya, au atakayetoa habari za kituo kwa mshiriki wa soko hilo, atafutwa uanachama, na jina lake litapelekwa kwa Tume na kwa ofisi ya mashtaka. Mwanachama atakayeshawishiwa kufanya hivyo anatakiwa kuripoti ndani ya saa 24, naye atapewa wakili kwa gharama ya Chama.

20. Endapo kufikia uteuzi wa wagombea hakutakuwa na katazo la kisheria, Chama kitawasilisha ombi Mahakama Kuu kikitaka tafsiri ya Kifungu cha 86 kuhusu jambo hili. Wanachama wataripoti kazini Agosti 2027 kama walivyoripoti siku zote.

Limetolewa jijini Nairobi na Kamati Kuu, kwa niaba ya wanachama wote.